Mabamba Tuliyowapa Wageni

Siku ya kwanza niliyoingia karakana ya Minjila niliharibu pete yangu ya fedha. Ilikuwa pete ya marehemu mama, nimetoka nayo Kipini kidoleni, na hakuna aliyeniambia niivue. Kufika saa ya chai naitazama, nyeusi tititi. Nikapiga ukelele, "Yarabi! Nimefanyiwa nini mimi?" Wenzangu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kumbe salfa na fedha haziivi chungu kimoja. Salfa hata ukiifungia koponi, mvuke wake utatoka uende ukaitafute fedha ilipo. Nyinyi vijana mnanijua kwa maneno mengi, na mmeniomba wenyewe niandike. Basi tulieni, maana nikianza sisemi nusu.

Kabla ya hapo nilikuwa msaidizi wa maabara katika shule moja ya sekondari hapa Garsen. Kazi yangu ilikuwa kuosha mirija ya kioo, kupima unga wa kemikali, na kuwakemea watoto wasichomane. Alikuja Injinia Dhahabo kunitafuta huko huko shuleni. Alikuwa binti wa Kiorma wa upande wa Minjila, baba yake mfugaji, yeye kasoma Nairobi kisha ng'ambo. Kwa umri angeweza kuzaliwa pamoja na mwanangu Swaleh. Angepata kazi popote mwenye akili zile, lakini alirudi akawashawishi watu wenye pesa wafungue karakana ya betri nyumbani kwao, mahali ambapo hata mafundi wa redio walikuwa wa kutafuta kwa tochi.

"Mama Swaleh," akaniuliza, "unajua kupima?"

"Napima."

"Unajua kunyamaza?"

"Hilo bado sijajifunza."

"Basi njoo hivyo hivyo."

Nikaenda hivyo hivyo. Mwalimu wangu akawa mtoto wa juzi, na sikupata mwalimu mwingine kama yule maishani mwangu.

Nieleze kwanza tulichokuwa tukitengeneza, maana bila hicho hamtaelewa kilichonikaa moyoni. Kila betri ina sehemu mbili zinazopeana umeme, na kila moja huitwa elektrodi. Sisi tulitengeneza ile ya salfa, na karakanani tuliiita bamba. Ni karatasi nyembamba ya alumini iliyopakwa uji mweusi ukakauka juu yake. Salfa ni rahisi na hubeba umeme mwingi, lakini ina tabia mbovu mbili. Ya kwanza, haipitishi umeme yenyewe, ni lazima uiweke ndani ya makaa. Ya pili, betri inapotumika salfa huvimba. Kwa hiyo makaa yake lazima yawe na vitundu vidogo vidogo, vingi, visivyoonekana kwa jicho, na usivijaze vyote. Uiachie salfa mahali pa kuvimbia, na dawa ya maji iliyomo ndani ya betri ipate pa kupita. Vitundu vikiziba, bamba ni la kutupa, hata liwe zuri vipi kwa kulitazama.

Makaa yetu yalitoka kwenye makoma, matunda ya mkoma. Makoma yanaokotwa bure huku mtoni, watoto wanatafuna nyama yake na kutupa kokwa. Tulizichoma kokwa hizo ndani ya pipa lililozibwa lisipate hewa, tukasaga, tukachanganya na chumvi laini na sharubati ya sukari, tukachoma tena kwenye tanuri. Halafu tunaosha. Chumvi ikiyeyuka na kutoka, kila mahali ilipokuwa pamebaki tundu. Maji ya Tana hayakufaa, yana tope na madini mengi, kwa hiyo tulitumia ya mvua kutoka kwenye tangi. Kuosha ndiyo ilikuwa kazi yangu ya mwanzo. Siku moja Injinia alinikuta nimechovya kidole kwenye maji ya kuoshea, naonja kama chumvi imekwisha.

"Mama, hayo si mchuzi!"

"Sasa nitajuaje?"

Akanionyesha tone la dawa: ukilitia, maji yenye chumvi yanageuka meupe kama tui. Nikamwambia ulimi wangu ni wa bei nafuu kuliko dawa yake. Alicheka, lakini hakuniacha nionje tena.

Yakishaoshwa na kukauka, makaa yanatiwa unga wa salfa, yanafungwa kwenye kopo la chuma na kuwekwa tanurini kwa moto mdogo. Salfa inayeyuka, makaa yanainywa polepole. Moto ukizidi inapanda mvuke, mnakohoa nyumba nzima. Umeme ukikatika katikati, na Garsen umeme hauna adabu, salfa inaganda nusu ndani nusu nje. Makopo mangapi tulitupa kwa sababu hiyo, wacha tu.

Aliyekuwa akitunza tanuri na rola alikuwa Komora, Mpokomo wa Kulesa. Zamani alikuwa na mashine ya kusaga mahindi kule kwao, na mikono yake ilizielewa mashine bila yeye kusema. Alikuwa mtu safi kupita kiasi. Sisi wengine tulitoka kazini weusi kama masufuria, Komora ovaroli yake imepigwa pasi, mkunjo umesimama mguu mzima. Nilikuwa nikimtania, "Bwana Komora, leo unaoa wapi?" Naye hujibu bila kutabasamu, "Hapa hapa, mama, kama mahari mnayo." Nilimpenda sana yule mtu. Nasema wazi, kwa sababu baadaye watu wengine walimtaja kwa namna isiyomstahili.

Rola yake ni mashine ya vyuma viwili vya duara. Bamba likishapakwa uji wa makaa yale yenye salfa na kukauka, linapitishwa katikati kidogo tu ili uji ushike alumini. Injinia alikuwa akisimama pale kila siku: "Mara moja, Komora, na mkono mwepesi. Liache lipumue." Komora anaitikia, "Ndiyo, Injinia," na anafanya vile vile alivyoambiwa.

Shida yetu kubwa ilikuwa kukausha. Nyinyi mnaijua hewa ya huku wakati wa mvua, hata chumvi ya mezani inakuwa uji. Tukikausha kwa joto la haraka, uji unapasuka nyufa kama tope la ziwa. Tukikausha polepole, unanyonya unyevu na kubanduka. Miezi tulihangaika. Injinia alijaribu gundi hii na ile, akapunguza maji, akaongeza, akalala kwenye kiti, akaamka akaanza upya. Mwisho akapata namna: joto dogo, hewa iliyokaushwa kwa mashine, na uji mzito kidogo. Bamba lililotoka lilikuwa na sura mbaya jamani! Limekwaruzika, limejaa vinundu, na hapa na pale lina ufa mwembamba kama unywele. Mtu angedhani ni kitako cha sufuria. Lakini tulipolitia kwenye betri na kuipima, lilikaa. Tunachaji, tunamaliza umeme, tunachaji tena, siku baada ya siku, na halichoki. Injinia alitoka chumba cha kupimia anacheza. Mtu wa kusoma vile, anacheza karakanani peke yake, ameinua mikono!

Sasa ndipo palipo na jambo lenyewe.

Wenye karakana walikuwa Nairobi, na walikuwa wamechoka kungoja. Ikatokea kampuni moja inayounda betri za taa na pampu, ikataka mabamba kama yetu. Injinia alituita sote, akatueleza bila kuficha. "Hawa wakikubali, tutatengeneza mabamba hapa Minjila, tutajenga tanuri la pili, tutaajiri watu. Wakikataa, wakubwa wataagiza mabamba yaliyokwisha kutengenezwa ng'ambo, sisi tutabaki kuyafunga kwenye betri tu." Kisha akaongeza taratibu, "Nami nitaondoka. Nimeitwa kazi nje, nimewaambia wanisubiri kidogo. Sikurudi nyumbani kuja kufunga vifurushi vya watu wengine."

Tulijua yule akiondoka, jambo lenyewe limekwisha. Tulikuwa na mikono, lakini kichwa kilikuwa chake.

Siku ya wageni wa kampuni ile kufika, asubuhi ile ile, Injinia akaitwa Hola kwenye ofisi za kaunti kwa ajili ya kibali fulani ambacho kingeweza kusubiri hata mwaka. Alitarajia kurudi adhuhuri. Gari likakwama njiani kwenye maji, akapiga simu: "Wapokeeni vizuri. Wataomba mabamba ya kwenda kuyapima kwao. Wapeni boksi moja." Maneno yake yalikuwa hayo tu. Mimi nilitumwa Garsen mjini kuleta chakula, biriani na vinywaji baridi, kwa sababu mgeni hawezi kuja Minjila akarudi na njaa tukaitwa watu.

Niliporudi wageni walikuwa wanaaga. Boksi lilikuwa mezani, safi, limefungwa kwa kamba ya mkonge na kifundo kizuri. Komora kasimama kando yake, ameweka mikono nyuma, uso unang'aa. Wageni wakasifu chakula, wakasifu karakana, wakapanda gari na boksi lao. Tukapunga mikono. Nikamwambia Komora, "Leo umetuweka juu." Akasema, "Mama Swaleh, nimewapa yale mazuri mazuri." Nikafurahi, Mungu shahidi. Ningekosaje kufurahi? Kwetu Kipini mgeni hufunguliwa kabati akapewa sahani za maua, sisi tukala kwenye bati. Kwao Kulesa pia ndivyo.

Majibu yalikuja baada ya wiki kadhaa. Injinia alipokea simu akiwa mlangoni mwa chumba cha kupimia. Nilimwona akisikiliza, halafu akakaa chini, pale pale kwenye kizingiti. Mabamba yetu, walimwambia, yalianza vizuri, yakachoka haraka kuliko yote waliyoyapima. Hawayataki.

"Haiwezekani," akasema alipokata simu. "Nimeyapima mwenyewe. Haiwezekani." Kisha akainua macho. "Komora, siku ile mliwapa yapi?"

"Yale mazuri, Injinia."

"Mazuri vipi?"

Komora akaeleza kwa heshima zake zote, wala hakuona la kuficha. Alikuwa amechambua mabamba yote. Yenye vinundu na nyufa aliyaweka kando. Yaliyonyooka aliyachukua, akayapitisha tena kwenye rola, mara mbili, akakaza kidogo, mpaka yakalainika na kung'aa. "Kama kupiga pasi," akasema. "Injinia, ungemwekea mgeni ukoko? Mimi nilisema hapana, tusimwaibishe Injinia wetu mbele ya watu."

Sijui kama mnaelewa. Alikuwa ameviziba vitundu vyote. Kile tulichokihangaikia miezi yote, chumvi ile, kuosha kule, moto mdogo, kilibanwa na vyuma viwili kikaisha, kwa upendo. Na amri ya kupitisha mara moja aliijua vizuri, hajawahi kuivunja katika kazi ya kila siku. Lakini ile ilikuwa ya kila siku. Siku ya mgeni si ya kila siku, na kwa mgeni mtu huongeza.

Nilidhani Injinia atapiga kelele. Mimi ningepiga, watu wa Hola wangesikia. Yeye alimtazama Komora, akasema, "Asante kwa kunifikiria." Kisha akaenda nyuma ya tangi la maji, na nilipomfuata nikamkuta analia, ameziba mdomo kwa mtandio asisikike.

"Mwanangu," nikamwambia, "piga simu. Waeleze. Watumie mengine."

"Nitawaelezaje, mama? Kwamba tuliwapigia pasi?"

Mwisho aliwaeleza. Lakini kwanza alitaka ushahidi mkononi. Yale yenye sura mbaya aliyoyatenga Komora, akatuambia tuyafunge kwenye betri moja kubwa, tukaipeleka zahanati ya Kulesa kuwasha taa na friji ya chanjo. Msimu ule mto ulifurika, Kulesa ikakatika, mashua ndiyo njia. Komora, aliyekwama huko kwao, alikuwa akituma salamu kwa simu: taa inawaka, friji inavuma. Maji yalipopungua Injinia alikwenda mwenyewe na kifaa cha kupimia. Betri ilikuwa nzima. Aliandika majibu yote akawatumia wale watu, na sote tukangoja kama watu wanaongoja matokeo ya mtihani wa mtoto mmoja.

Walijibu kwa adabu. Walisema majibu ni mazuri mno, na wanasikitika, kwa sababu wameshatia saini na watengenezaji wengine wa mbali.

Wakubwa wa Nairobi hawakungoja hata kidogo. Makasha ya mabamba yaliyotengenezwa ng'ambo yakaanza kuja, meusi, laini, yamepangwa kama karata. Injinia Dhahabo akaondoka mwezi ule ule. Nilimsindikiza mpaka stendi ya Garsen. Nilikuwa nimemfungia mahamri, na nilikuwa nimejiapiza sitalia.

"Unajua kinachoniuma, Mama Swaleh?" akaniambia. "Komora hana kosa. Nilimwambia lini kwamba yale mabaya ndiyo ninayojivunia? Nilisema mara moja, mkono mwepesi, liache lipumue. Kila siku nilikuwa nasema. Lakini sikuwahi kulinyanyua bamba lenye ufa nikasema, watu wangu, hili ndilo zuri."

"Hata ungesema, siku ya mgeni tungesahau," nikamjibu.

Akacheka huku machozi yanamtoka, akanikumbatia, akapanda. Nami kiapo changu kikaishia pale.

Nilidumu miaka mingi baada ya hapo, na kazi haikuwa mbaya. Nilifundisha wengi wenu kuingiza mikono kwenye glavu za sanduku lisiloingia hewa bila kuzitoboa, kufunga betri chumba kikavu, kutopiga chafya juu ya litiamu. Hayo mnayajua. Tanuri liliuzwa kama vyuma chakavu. Rola ilikaa pembeni imefunikwa gunia, mpaka siku moja ikabebwa na sikuuliza inakwenda wapi. Pipa la kuchomea kokwa lilitiwa maji ya kunywa kuku wa mlinzi.

Komora hakudumu. Hakuna aliyemfukuza wala kumsema usoni, na nadhani hilo ndilo lililomtoa. Mtu akilaumiwa anaweza kuomba msamaha akasamehewa, mambo yakaisha. Yeye hakulaumiwa, basi hakupata pa kuomba. Alirudi Kulesa kulima ndizi na mpunga kando ya mto. Nilikwenda kumwona mara moja. Shati lake la shamba lilikuwa limepigwa pasi. Tulizungumza mavuno, tukazungumza wajukuu, na nilipoinuka kuondoka akaniuliza, "Injinia anapiga simu?"

"Anapiga sikukuu."

"Huniulizia?"

"Kila mara," nikasema. Na ni kweli, kila mara. Akageuka akaanza kukata majani ya ndizi yaliyokauka, nikaondoka zangu taratibu.

Nawaza mara nyingi jinsi ingekuwa. Tanuri la pili. Akina mama wa vijijini wakiokota kokwa za makoma kwa magunia. Dhahabo amezeeka kidogo, amenenepa, anafokea vijana pale kwenye rola. Watoto wa Garsen wakisema shuleni wanataka kuwa watengenezaji wa mabamba. Haikuwa ndoto ya mbali. Tulikuwa tumeshafika, mlango umefunguliwa, tukateleza kizingitini kwa sababu ya adabu zetu wenyewe. Inaniuma. Nimestaafu nayo, na nikifa nitakufa nayo.

Siku mliyoniaga mlinipikia, mkanipa kanga na saa ya ukutani, Mungu awazidishie. Baada ya hotuba nilikaa na Faiza, yule fundi wetu mpya aliyemaliza chuo juzi, hodari wa mikono kuliko nilivyokuwa mimi. Alikuwa ameshika bamba moja kutoka kwenye kasha, analigeuzageuza kwenye mwanga.

"Mama Swaleh," akasema, "hizi vitu huwa natamani nijue zinatengenezwaje. Siku moja nitaenda huko nje nisomee. Huku kwetu haiwezekani, ama?"

"Zilikuwa zikitengenezwa hapa," nikamwambia.

"Hapa Kenya?"

"Hapa. Minjila. Chumba hiki hiki ulichokaa. Kwa kokwa za makoma."

Faiza akanitazama usoni kuona kama nacheka. Halafu yeye ndiye akaangua kicheko, kicheko kizuri cha kijana mwenye heshima, akanishika bega.

"Wacha story, mama," akasema. "Aki tutakumiss."